Tukuyu mvua haiishi: Jinsi ya kufanya mazoezi bila kuachia njiani

Saa 11 na nusu alfajiri, Tukuyu. Alamu inalia. Nje kuna ukungu, mvua inapiga bati, blanketi ni zito. Raba zipo mlangoni, hazijakauka tangu juzi. Unazima alamu na kujiambia: kesho.

Kwa watu wengi wa Wilaya ya Rungwe, mazoezi hufia hapo. Januari walianza vizuri, hata picha za asubuhi wakaposti. Ilipofika Machi, wakapotea.

Kama na wewe ni mmoja wao, huenda tatizo si uvivu. Huenda ulikuwa unategemea hamasa, na hamasa haistahimili baridi ya Rungwe.

Hamasa peke yake haitoshi

Mwaka 2002, watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya utafiti wa wanafunzi 248 wa chuo kikuu, waliogawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza halikupewa lolote la kuwasukuma. La pili lilisomeshwa faida za mazoezi kwa moyo. La tatu lilisomeshwa hayohayo, kisha kila mmoja akaandika siku, saa na mahali atakapofanyia mazoezi.

Katika kundi la kwanza, asilimia 38 walifanya mazoezi. La pili, lililopewa hamasa, asilimia 35. La tatu, asilimia 91.

Yaani maneno matamu hayakuongeza kitu. Kilicholeta tofauti ni kujua lini na wapi.

Kwa hiyo usiseme "wiki hii nitakimbia". Sema: "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 12 asubuhi, natoka nyumbani Bulyaga natembea haraka hadi Makandana na kurudi." Andika kwenye simu, weka alamu.

Iweke mvua kwenye ratiba

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na Aprili ndiyo huzidi. Ikikatika, inakuja baridi ya Juni hadi Agosti.

Ukipanga mazoezi ya nje tu, umeshapanga kuacha. Kila siku ya mazoezi iwe na mpango wa pili: "Mvua ikinyesha, nafanya sebuleni."

Mazoezi ya ndani hayahitaji gym. Chuchumaa na kusimama mara 15. Piga pushapu 10, na kama sakafuni huwezi, egemea ukuta. Kimbia palepale uliposimama kwa dakika mbili. Pumzika kidogo, kisha rudia mizunguko minne. Hapo umeshatokwa jasho.

Kama alfajiri inakushinda kwa baridi, hamishia jioni. Hakuna sheria inayosema lazima iwe asubuhi.

Kiasi gani kinatosha?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 ya yale mazito. Siku mbili kati ya hizo ziwe na mazoezi ya kuimarisha misuli.

Dakika 150 ni nusu saa tu kwa siku tano. Mazoezi ya wastani ni yale ambayo unaweza kuongea huku unafanya, lakini kuimba huwezi. Kwa milima ya Rungwe, kutembea haraka kupandisha kilima kunatosha kabisa kukufikisha hapo.

Hata hivyo, WHO inasema mwaka 2022 karibu asilimia 31 ya watu wazima duniani, sawa na watu bilioni 1.8, hawakufikia kiwango hicho.

Je, shamba linahesabika?

Ndiyo. Kulima, kuchuma chai, kubeba mikungu ya ndizi na kutembea kwenda sokoni vyote vinahesabika. Anayepanda na kushuka mlima na jembe kila siku hana deni kubwa.

Deni lipo kwa aliyetoka shambani akaingia dukani, ofisini au kwenye bodaboda. Chakula kimebaki kilekile cha mkulima, sahani imejaa, lakini mwili unakaa kutwa nzima. Presha na kisukari cha ukubwani hupata nafasi kwa mtindo huo.

Na hapana, kushangilia mpira hakuhesabiki, hata kama mji wenu ndio uliotoa Tukuyu Stars, mabingwa wa Tanzania Bara 1986.

Tafuta mtu wa kukusubiri

Kujidanganya ni rahisi. Kumwacha jirani yako amesimama barabarani kwenye ukungu anakungoja ni kazi ngumu kidogo. Tafuta mmoja tu, mkubaliane saa na mahali. Mkifika watano, tayari mna kikundi cha jogingi.

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kuwa siku ya mazoezi. Mara moja kwa mwezi haitoshi, lakini ni siku nzuri ya kukutana kikundi kizima.

Mkikimbia kwenye barabara kuu ya Uyole kwenda Kasumulu, kuweni makini. Ina kona nyingi na malori ya mpakani. Kaeni upande unaotazamana na magari, vaeni nguo zinazoonekana, na ukungu ukiwa mzito hamieni njia za ndani.

Ukikosa siku moja

Msiba, mgeni, homa ya mtoto: siku itakosekana tu. Hapo wengi husema "nimeshaharibu" na kuacha moja kwa moja.

Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajenga tabia mpya. Kwa wastani ilichukua siku 66 tabia kuzoeleka, ila wengine walitumia siku 18 na wengine ilikadiriwa wangehitaji 254. Kukosa siku moja hakukuvuruga safari yao.

Chukua kanuni hii: ukikosa leo, kesho fanya hata dakika 10. Usiruhusu siku mbili zifuatane. Na kama mwezi wa kwanza bado unajilazimisha, usishangae, muda wako haujafika.

Weka lengo unaloliona

Kilo hupungua polepole na zinakatisha tamaa. Afadhali lengo ambalo ukifungua dirisha unaliona.

Mlima Rungwe una urefu wa mita 2,961, wakati Tukuyu mjini ni takriban mita 1,600. Jipe miezi sita ya kujiandaa, kisha upande na mwongozaji msimu wa kiangazi. Mlima ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, kwa hiyo ulizia utaratibu kabla. Ukiona ni mbali, anza na safari ya kwenda kuliona Ziwa Ngosi.

Kabla hujaanza

Kama una presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, ni mjamzito, au umekaa miaka bila mazoezi, pita kwanza hospitali ukapimwe. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu katikati ya mazoezi, simama na utafute msaada mara moja.

Kama uko salama, kazi ya leo ni ndogo: andika siku, saa, mahali, na utafanya nini mvua ikinyesha. Kisha mpigie yule wa kukusubiri.

Raba zianike jikoni, karibu na moto. Kesho saa 11 na nusu ziwe kavu.