Waendorois na Ziwa Lao

Kaskazini mwa Nakuru, baada ya Mogotio, barabara huteremka hadi Loboi, na mbele yake ni Ziwa Bogoria. Watalii huja kutazama heroe na chemchemi za maji moto. Waendorois wanalijua ziwa hilo kwa namna nyingine. Wazee wao husimulia kwamba babu yao mkuu, Dorios, alishuka kutoka mbinguni akakaa Mochongoi. Uzao wake ulipozama katika anasa, ardhi ilididimia usiku mmoja, ziwa likatokea. Walionusurika ndio wazazi wa Waendorois, na roho ya kila Mwendorois, popote alipozikwa, makao yake ni ziwani.

Maisha yao yalifuata majira. Wakati wa mvua walichunga kando ya ziwa, kwenye chumvi ya kulambisha ng'ombe. Kiangazi walipanda hadi msitu wa Mochongoi. Sala, tohara na sherehe za mwaka zilikuwa na mahali pake palepale.

Mwaka 1973 serikali ilitangaza eneo hilo kuwa hifadhi ya wanyama, wakati huo likibeba jina la Hannington, askofu Mwingereza aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Waendorois wakaondolewa, na familia 400 ziliahidiwa mashamba yenye rutuba, sehemu ya mapato ya utalii, na kazi. Kufikia mwaka 1986, familia 170 zilikuwa zimepewa takriban shilingi 3,150 kila moja. Hiyo si fidia ya nchi ya mababu.

Waendorois walikwenda Mahakama Kuu ya Nakuru. Aprili 2002 kesi ikatupwa. Miongoni mwa hoja, mahakama ilisema haikuonyeshwa bayana walioathirika ni akina nani. Mwaka uliofuata wakapeleka malalamiko mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na huko serikali ikarudia swali lilelile: hawa si tawi tu la Watugen, Wakalenjin kama wengine? Naliona swali hilo kuwa la dhuluma. Undugu na Watugen haumwondolei mtu kaburi la babu yake wala malisho yake.

Tume ilikubali. Katika uamuzi uliotangazwa Februari 2010, iliwatambua Waendorois kuwa watu wenye utambulisho wao, uliofungamana na ardhi ile, ikaitaka Kenya iwarudishie, iwafidie, na iwaachie njia ya ziwani. Iliamua pia kwamba haki yao ya maendeleo imevunjwa, na wanasheria kote duniani huitaja kesi hiyo hadi leo.

Mwaka 2011 UNESCO iliingiza Bogoria, Nakuru na Elementaita katika Urithi wa Dunia. Waendorois hawakuombwa ridhaa. Kikosi kazi cha utekelezaji kiliundwa Septemba 2014, muda wake wa mwaka mmoja ukaisha, na ardhi haikurudi. Serikali ya Kenya iutekeleze uamuzi huo, ikianza na hatimiliki.