Kielelezo cha Mfanyabiashara Machoni pa Msomi

Kijana hujifunza kwa macho kabla hajajifunza kwa vitabu. Amwonapo mtu wa hali kama yake amefika mahali fulani, huamini kwamba njia ya kufika huko ipo. Historia ya wasomi wa Tanzania yaonyesha jinsi hamu ya biashara inavyofuata vielelezo vilivyo mbele ya macho.

Katika miaka ya 1930 Erica Fiah, Mganda mwenye duka mjini Dar es Salaam, alianzisha chama cha Waafrika cha biashara na ustawi, mwaka 1934. Na mwaka 1937 akaanza kutoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kwetu. Mizani na kalamu vilikuwa katika mkono mmoja. Lakini kijana aliyetoka shule alimtazama zaidi karani wa serikali, kwa kuwa karani alikuwa na mshahara usioyumba na heshima iliyojulikana na wote.

Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, nchi changa ilikuwa na haja kubwa ya maofisa. Mhitimu aliwaona waliomtangulia wameketi wizarani, naye akatamani kuketi huko. Kisha Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawakataza viongozi, pamoja na watumishi wa serikali wa vyeo vya kati na vya juu, kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili, au kupangisha nyumba. Kusudi lilikuwa jema, yaani kumzuia kiongozi asiwe mnyonyaji. Hata hivyo, msomi mwenye biashara naye aliondoka machoni pa vijana, na neno biashara likanuka ulanguzi.

Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Ndipo sifa za watu kama Reginald Mengi zilipoenea. Alikuwa mhasibu aliyesomea Uingereza, akaanza kwa kuunganisha kalamu za wino, na mwaka 1994 televisheni yake ya ITV ikaanza kurusha matangazo. Mwaka 2018, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake, alitoa kitabu cha maisha yake. Hapo mwanafunzi alipata kuona kwamba shahada na kiwanda haviko mbalimbali.

Lakini yafaa tutahadhari. Tajiri aliye mbali huonyesha matunda, wala haonyeshi mizizi. Mtoto aliyelelewa dukani ameona deni lisilolipwa na bidhaa zilizooza; aliyemsoma tajiri gazetini ameona ushindi tu, na hasara ya kwanza humvunja moyo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi vyuo vyetu, ambavyo wahitimu wao leo ni wengi kuliko viti vya ofisini, viwaalike pia wafanyabiashara wadogo walioanguka wakasimama tena, nao wawafungulie vijana madaftari yao. Kielelezo kinachoficha hasara humpa kijana tamaa, na tamaa peke yake haijapata kuendesha duka.