Mwalimu na Vyombo vya Kufundishia: Toka Sinema ya Vugiri Hata Kishikwambi

Sisi tukaao Maganzo tumezoea mitambo. Mwaka 1940 John Williamson, mtaalamu wa miamba aliyetoka Kanada, aligundua almasi huko Mwadui, jirani yetu, na tangu siku zile watu wa pande hizi wameijua sauti ya mashine kama wajuavyo mlio wa ng'ombe. Tena wamejifunza kwamba mtambo mkubwa haukabidhiwi mtu asiyeujua. Kwanza hufundishwa, kisha hujaribiwa mbele ya fundi wake, ndipo huachiwa auendeshe peke yake.

Je, katika shule mambo yamekwenda vivyo hivyo? Twataka kuwaeleza wasomaji wetu, kwa kifupi, jinsi vyombo vipya vilivyoingia katika kazi ya kufundisha katika nchi hii. Vingine vilizaa matunda, na vingine vilipita kama mvua isiyoingia ardhini. Jambo hili latuhusu sana, maana vijana wetu walio katika vyuo vya ualimu sasa wanapewa vyombo vyenye nguvu kuliko vyote vya zamani, na faida au hasara yake itawapata watoto wetu.

Tuanze na sinema. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ilianzishwa kazi ya kutengeneza picha za sinema kwa ajili ya kuwafundisha Waafrika. Kazi hiyo ilisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misheni, na fedha nyingi zilitoka katika mfuko wa Carnegie wa Marekani. Wakuu wa kazi walikuwa Meja L. A. Notcutt na Bwana G. C. Latham. Walitengeneza picha zipatazo 35, juu ya kilimo, juu ya maradhi kama safura, na juu ya kuweka akiba ya fedha. Maneno yake yalitiwa katika sahani za santuri, ili picha moja iweze kusemeshwa kwa lugha mbalimbali. Kisha gari likapakiwa vyombo vyote, likazunguka Tanganyika, likafika hata Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Watu wengi sana walikusanyika usiku kutazama.

Lakini mwaka 1937 kazi ile ilikoma, maana fedha zilikwisha na serikali za makoloni hazikuwa tayari kuichukua. Chombo kilikuja katika gari pamoja na mafundi wake, nacho kikaondoka pamoja nao. Mwalimu wa kijiji alikuwa mtazamaji kama watu wengine. Kesho yake alirudi kwenye ubao na chaki, na watoto wakimwuliza habari za picha walizoziona, hakuwa na kitu cha kuwaonyesha.

Baada ya sinema ikaja redio. Kituo cha Dar es Salaam kilianza kutangaza mwaka 1951, na baada ya Uhuru wa mwaka 1961 redio ikawa chombo kikubwa cha elimu. Wazee wetu wengi hawajasahau kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Yapata watu wazima milioni 2 waliketi katika vikundi vijijini kwa muda wa majuma 12, wakisikiliza habari za malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu. Matokeo yake yalionekana kwa macho: vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu, na vichaka vilivyozunguka nyumba vikafyekwa.

Yatupasa kuuliza kwa nini redio ilizaa matunda yale, hali sinema ya Vugiri ilipita. Sababu haikuwa redio peke yake. Kabla ya matangazo kuanza, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamekwisha kufundishwa kazi yao. Vitabu vya kusoma vilikuwa vimekwisha kupigwa chapa kwa Kiswahili chepesi. Kikundi kilisikiliza, kikasoma, kikajadiliana, kisha kikaamua kazi ya kufanya. Redio ilikuwa na sehemu yake, na mtu aliyeandaliwa alikuwa na sehemu yake kubwa zaidi.

Mwaka uliofuata, yaani Novemba 1974, mkutano wa Musoma uliamua kwamba watoto wote wapate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Walimu wa kutosha hawakuwapo. Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wakifundisha watoto huku wao wenyewe wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa msaada wa waratibu waliowatembelea. Kwa njia hiyo walifuzu walimu zaidi ya 35,000, nao ndio watu waliowaita walimu wa UPE. Wako waliowalaumu kwamba elimu yao ilikuwa haba, na lawama hiyo ilikuwa na kweli ndani yake. Maana redio husema wala haisikii. Haiwezi kumwona mwanafunzi aliyekunja uso kwa kutoelewa, ikarudia maneno. Hata hivyo haki nayo isemwe: bila vijana wale maelfu ya madarasa vijijini yangalikaa bila mwalimu.

Katika mwaka ule ule wa 1974 Serikali ilizuia kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo walimu wa miaka mingi walisoma vyuoni, wakafundisha, hata wakastaafu, bila kuigusa kompyuta. Zuio lilikwisha kuondolewa zamani wakati mpango mkubwa wa vyuo ulipoanza. Mwaka 2005, kwa msaada wa nchi ya Uswidi, kompyuta zilianza kupelekwa katika vyuo vyote 34 vya ualimu vya Serikali, na mwaka 2007 ikatolewa sera ya kutumia vyombo hivyo katika elimu ya msingi.

Lakini wahenga walisema, kuelekeza si kufuma. Kujua kuiwasha kompyuta na kuandika barua ni jambo moja; kuitumia ili mtoto aelewe sehemu na hesabu ni jambo jingine. Jambo hili lilichunguzwa na mtaalamu Ayoub Kafyulilo pamoja na wenzake, kati ya wanafunzi wa ualimu wa sayansi na hisabati katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, Dar es Salaam. Wanafunzi wale waligawanywa katika vikundi. Kila kikundi kilitunga somo la kufundishwa kwa chombo, kikalifundisha mbele ya wenzao, kikasikia makosa yake, kikalitengeneza tena. Kwa kufanya hivyo maarifa yao yaliongezeka. Hii ndiyo njia ya fundi na mwanagenzi wake, nayo si ngeni kwetu: hata ng'ombe wa plau hufundishwa kwanza kwenda pamoja, kabla ya kutiwa shambani siku ya mvua.

Kisha ukaja mwaka 2022. Baada ya Sensa ya Agosti mwaka ule, Serikali iliamua kwamba vishikwambi vilivyotumiwa na makarani vigawiwe walimu, na jumla ya vishikwambi vilivyotolewa ilikaribia 300,000. Ndugu msomaji, fikiri jambo hili. Sinema ya mwaka 1935 ilihitaji gari zima. Sasa mwalimu aweza kubeba mkononi picha na sauti na vitabu vingi kuliko vyote vilivyopakiwa katika gari lile. Wala chombo hakiondoki jioni pamoja na wageni. Kimebaki kwa mwalimu, na kwa sababu hiyo udhuru wa zamani umepungua.

Basi, kijana aliye chuoni leo, ama Butimba, ama Shinyanga, ama penginepo, na ajifunze kuanza na somo, ndipo achague chombo. Tuseme atafundisha habari za moyo wa mwanadamu, na darasa lina watoto wengi na kishikwambi ni kimoja. Akikiinua juu mbele yao wote, wa nyuma hawataona kitu. Afadhali awagawe: kundi moja litazame picha ya moyo unaopiga, wengine wachore kutoka ubaoni, wengine wahesabu mapigo ya moyo mkononi mwa mwenzao, kisha wabadilishane. Na ikiwa umeme umekatika siku hiyo, asiwe mtu wa kusimama mikono mitupu. Ubao na chaki havijaacha kazi.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Mwalimu wa mazoezi akija katika shule zetu na kishikwambi mkononi, tusimcheke kwamba anachezea darasani, wala tusimsifu kwa sababu tu anacho. Tumwulize mtoto jioni, "Leo umeelewa nini?" Na katika vikao vya kamati ya shule tuangalie kama kuna mahali pa kuchaji vyombo na kabati lenye kufuli la kuvihifadhi. Zaidi ya hayo, tuulize kama walimu wetu wanapewa nafasi ya kukutana na kufundishana matumizi yake. Vikundi vya mwaka 1973 viliketi chini ya miti, vikiwa na redio moja na kitabu, na kazi ikafanyika. Tusikubali kwamba watoto wetu, wenye vyombo vingi zaidi, wapate kidogo kuliko walivyopata babu zao.