Mtandao hakuna?

Chake Chake au Wete, laptopu ikigoma jibu ni moja: "Mtandao hakuna." Neno "mtandao", lililozaliwa na kutandaa, tunalibebesha mambo mawili: waifai na intaneti. Simu ikipata intaneti kwa ruta ileile, mtandao upo. Laptopu ndiyo *haijashika* waifai. Mara nyingi imebaki na nywila ya zamani: ifute, uingize mpya. Zote zikishika na kurasa hazifunguki, hapo sema *intaneti imekatika*, uangalie bando kwanza. Fundi anastahili kuambiwa lipi ni lipi. Na umeme ukizimika, laptopu huendelea kwa betri huku ruta imekufa. Basi tazama taa zake kabla hujaita mtu.