Pampasi ao kitambaa? Hesabu ya Peoria na hesabu ya kwetu

 Najua ku ukurasa huu tunapenda kuongea mambo makubwa: sheria ya mashamba, bei ya mbolea, historia ya chama chetu. Leo naleta pampasi. Wengine watacheka, lakini wenye mtoto wa chini ya miaka miwili ku nyumba hawatacheka sana, maana wanajua vile makuta inatoka kila siku asubuhi na jioni haionekani ilienda wapi.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mwaka 2023, hapa Bukavu. Nilikuwa na licence ya agronomia mkononi na kazi hakuna, paka vikazi vidogo vya kupima mashamba ya watu. Ku duka la mtaa wetu pampasi inauzwa moja-moja, 500 franka. Mtoto alikuwa anamaliza tano kwa siku. Hiyo ni 2,500 kwa siku, 75,000 kwa mwezi. Usiku mmoja nikashika karatasi na kalamu, nikafanya hesabu sawa vile tulifundishwa ku fakilte.

Upande wa vitambaa niliandika hivi. Taulo za kukata, vikwembe vizee, pini na kaptula za plastiki: 45,000 mara moja. Nikagawa kwa miezi 15, ikawa 3,000 kwa mwezi. Maji: robine ya kwetu inakauka mara nyingi, kwa hiyo tunanunua bidoni ya litri 20 kwa 200 franka, bidoni tatu kwa siku, 18,000 kwa mwezi. Sabuni 12,000. Makala ya kupiga pasi 9,000. Jumla 42,000. Kwa hiyo nyumba ingeokoa 33,000 franka kila mwezi!

Msishangae juu ya pasi. Wale ambao hawakusoma wadudu wajue kwamba kuna nzi mmoja, Cordylobia anthropophaga, anayependa kutaga mayai ku nguo yenye bado na unyevu. Funza akitoka anaingia mu ngozi ya mtoto na kuvimba sawa jipu. Moto wa pasi njo unaua yale mayai. Na hapa Bukavu mvua inaanza Septemba mpaka Mei. Kitambaa kinakaa ku kamba siku nzima na bado ni kibichi. Bila pasi, vitambaa vya mtoto ni hatari.

Basi nikampelekea mke wangu ile karatasi kwa kiburi chote cha ingenia. Akaisoma polepole, akageuza nyuma kuona kama kuna kitu kingine, akasema: «Baba mutoto, mayi umeandika, sabuni umeandika, makala umeandika. Mimi niko wapi?»

Nilikasirika kidogo, nasema ukweli. Nikafikiri ni maneno ya uchovu tu. Lakini swali lilinifuata, na nilipoanza kusoma historia ya hii pampasi nikakuta kwamba lilikuwepo zamani, ku mji wa mbali ambao sisi wa agronomia tungepaswa kuujua vizuri.

Jina pampasi tumelitoa kwa Pampers, jina la mali ya kampuni moja ya Marekani, Procter & Gamble, na tumelipa kila aina, hata kama ku paketi kumeandikwa jina lingine. Mbele yake kulikuwa wengine. Mwaka 1946 mama mmoja Mmarekani, Marion Donovan, alichoka kubadilisha shuka zilizolowa kila usiku. Akakata pazia la bafuni, lile lisilopitisha maji, akashona kifuniko cha kuvalisha mtoto juu ya kitambaa. Mwaka 1951 alipata hati ya uvumbuzi na akaiuza kwa dola milioni moja. Kisha akapeleka wazo la kitambaa cha karatasi cha kutupa, na wakubwa wa viwanda hawakulitaka. Walikuwa wanaume, na sidhani kama kuna hata mmoja aliyekuwa anafua.

Ku Procter & Gamble, mwanaume mmoja alibadilisha maoni kwa sababu alipata mjukuu. Victor Mills, ingenia wa kemia, hakupenda kabisa kazi ya kushika vitambaa vya mjukuu wake. Katikati ya miaka ya 1950 akawaweka watu wake ku kazi. Majaribio ya kwanza Dallas, mu joto kali na kaptula ya plastiki, yalishindwa: watoto walitoka vipele. Wakatengeneza upya, na Desemba 1961 wakapeleka mali ku soko la majaribio mu mji wa Peoria, jimbo la Illinois, katikati ya mashamba ya mahindi. Bei ilikuwa senti 10 kwa moja.

Mama za Peoria waliipenda. Hawakuinunua. Kufua kitambaa ku nyumba kulihesabiwa senti moja ao mbili tu, na kulikuwa pia kampuni za kuchukua vitambaa vichafu mlangoni na kurudisha visafi, ambazo bei yao vilevile ilikuwa chini ya senti 10. (Hizo kampuni ziliongezeka sana wakati wa vita ya pili, mama walipoingia viwandani. Mama akianza kulipwa mshahara, mara moja kufua kunapata bei. Mukumbuke hiyo.) Procter & Gamble haikubishana na mama wa watu. Ilirudi ku mashine, ikatafuta namna ya kutengeneza nyingi na haraka, na bei ikashushwa mpaka senti 6. Hapo njo soko lilifunguka.

Sasa tuangalie ile senti moja ao mbili. Ndani yake kuna nini? Sabuni, maji ya robine isiyokauka, umeme wa mashine ya kufua. Mikono ya mama haimo. Mama wa Peoria alikuwa na mashine na bado kazi yake iliandikwa sifuri. Mimi mke wangu hana mashine, ana beseni, na nilimwandikia sifuri ileile. Lakini tazameni kitu kimoja: senti 6 bado ni zaidi ya senti 2, na mama walilipa. Maana yake kila mmoja mu kichwa chake alikuwa na bei ya mikono yake, hata kama hakuna aliyeiweka ku karatasi.

Na aibu yangu inaongezeka, kwa sababu hili jambo sisi tulifundishwa. Mwalimu wetu wa uchumi wa kilimo alirudia mpaka tukachoka: shamba la mkulima mdogo linaonyesha faida kwa sababu kazi ya familia haikuhesabiwa; ihesabu kwa bei ya kibarua, utaona kama faida inabaki. Mu memuari yangu juu ya maharagi ku Kabare nilifanya hivyo kwa kila palizi, na jury ilinisifu. Kibarua nilimlipa 4,000 franka kwa asubuhi ya saa tano, yaani 800 kwa saa moja.

Nikarudi ku karatasi. Kubeba maji, kuloweka, kufua, kuanika, kuanua mvua ikinyesha, kupiga pasi: saa mbili kwa siku, saa 60 kwa mwezi. Ile 33,000 niliyojivunia, ukiigawa kwa saa 60, ni 550 franka kwa saa. Nilikuwa namwomba mke wangu afanye kazi kwa bei ambayo kibarua wa Kabare angekataa. Ukimhesabia 800 sawa kibarua, saa zake ni 48,000, na vitambaa vinafika 90,000 kwa mwezi. Pampasi ni 75,000. Hesabu imegeuka. Tena mke wangu ni mshonaji. Mashine yake ilikuwa imefunikwa na kikwembe tangu mtoto azaliwe, na mimi nilikuwa napita pale kila siku bila kuiona.

Niko mwangalifu hapa, maana najua atakayenijibu. Ile 48,000 hakuna mtu anayeiweka mkononi mwetu. Ile 75,000 lazima itoke kweli, franka juu ya franka, na miezi mingine haikuwepo. Nyumba isiyo na makuta haichagui, inafua. Na anayeishi karibu na chemchemi hanunui bidoni, hesabu yake si yangu. Kuna pia bei ya tatu ambayo haiko ku duka wala ku beseni: pampasi zinatupwa mu mifereji na mabonde ya mji huu, mvua inazisukuma mpaka ziwa Kivu, na takataka za plastiki zinakusanyika ku barrage ya Ruzizi. Zikiziba mashine, umeme unakatika, na pasi tunarudia ya makala hata sisi wenye ya umeme.

Niliongea haya mbele ya mama mkwe wangu. Yeye alilea watoto saba na vitambaa, na nilifikiri atasema vijana wa leo ni wavivu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Mukwe wangu, unafikiri ni miye nilikuwa nafua? Miye nilikuwa ku soko. Ni dada mukubwa wa bibi yako njo alikuwa anafua.» Huyo shemeji namjua vizuri. Alisimama darasa la tano. Siku zote niliambiwa ilikuwa kukosa makuta ya shule.

Nirudi kidogo Peoria, maana wa agronomia watafurahi. Mu mji uleule kuna maabara ya wizara ya kilimo ya Marekani, ile iliyosaidia kutengeneza penisilini kwa wingi wakati wa vita. Miaka ya 1970 watafiti wake walitoa mu wanga wa mahindi unga unaofyonza maji mara mamia ya uzito wake. Waliuita Super Slurper, na moja ya matumizi waliyotafuta ni kushika maji mu udongo na ku mbegu, kwa ajili ya mkulima. Miaka ya 1980 viwanda vikaweka unga wa jamii hiyo, uliotengenezwa kwa kemia ya petroli, ndani ya pampasi, na pampasi ikawa nyembamba, nyingi zaidi zikaingia mu lori moja. Mkulima wa Kabare bado anangoja wake.

Kwetu sasa iko hivi: mchana vitambaa, usiku pampasi moja, na siku ya soko mbili. Asubuhi mimi njo nafua, kuanzia saa kumi na mbili, mbele ya kwenda ku mashamba. Wiki ya kwanza nilimaliza sabuni ya wiki mbili. Jirani mmoja alisimama ku lupango akaniuliza kama bibi anagonjwa. Mashine imefunuliwa.

Wenzangu wa Lubumbashi, Kindu na Kalemie, muniandikie: kwenu bidoni ya maji ni ngapi, na ku karatasi yenu ni nani anayefua?