Kiraka na Heshima Yake

Kiraka ni kitu kidogo, lakini historia yake ni ndefu. Watu wengi hukihesabu kuwa alama ya ufukara, nao huona haya kuonekana nacho. Hukumu hiyo ni ya haraka. Mtu akiifuata safari ya kiraka katika nchi mbalimbali, ataona kuwa kimevaliwa na wazee wenye daraja, kimekuwa sare ya jeshi, na kimetundikwa katika majumba ya sanaa. Insha hii yakusudia kuieleza safari hiyo, ikianzia na kuishia mahali padogo paitwapo Chepilat.

Chepilat ni mji wa soko katika barabara itokayo Sotik kwenda Kisii, mpakani mwa Bomet na Nyamira, mahali Wakipsigis na Wakisii wakutanapo. Nchi yake ni ya juu, yenye mvua na mashamba ya chai, na usiku wake una baridi. Penye baridi nguo si pambo tu, bali ni kinga ya uhai. Kabla ya pamba kufika, wenyeji wa nyanda hizi walivaa ngozi. Miongoni mwa jamii za Wakalenjin, wazee walivaa joho la ngozi za pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo wa kadiri ya sungura. Kwa hiyo ilibidi ngozi nyingi zishonwe pamoja ndipo joho moja lipatikane. Basi vazi la heshima lilikuwa vazi la vipande, na vipande hivyo havikumpunguzia mzee cheo chake.

Pwani nako sindano ilifanya kazi kubwa. Katika karne ya 19, nguo ya pamba kutoka Marekani iliingia Unguja na Mombasa kwa wingi, hata jina la nchi likawa jina la nguo: merikani. Baadaye zikaja leso za rangi, zilizochapwa katika jora moja bila kukatwa. Yasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua leso sita kwa pamoja, wakazigawa tatu tatu, wakaunga mafungu hayo mawili kwa mshono, ikapatikana nguo moja pana. Wafanyabiashara walipoona jinsi ilivyopendwa, waliagiza nguo nzima iliyochapwa kwa mfano huo. Hiyo ndiyo kanga, ambayo Mombasa yaitwa leso mpaka leo.

Kaskazini, katika Sudan, Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi mwaka 1881. Wafuasi wake walivaa kanzu zenye viraka kuonyesha kwamba wameikinai dunia. Mwanzoni viraka hivyo viliziba matundu ya kweli. Dola yao ilipopata nguvu, mafundi walivishona kwa mpango na kwa rangi zilizolingana, juu ya kanzu mpya zisizo na tundu hata moja. Alama ya ufukara ikawa sare ya jeshi. Dola hiyo ilishindwa mwaka 1898 katika vita vya Omdurman, na baadhi ya kanzu hizo sasa zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho.

Ng'ambo, huko Gee's Bend katika jimbo la Alabama, Marekani, waliishi wanawake weusi, wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba. Walikata suruali kuukuu za kazi na magunia ya unga, wakashona mifarishi, yaani matandiko mazito ya kujifunika, ili watoto wao wasife baridi. Hawakuwa na uchaguzi wa kitambaa. Uchaguzi wao ulikuwa katika kupanga. Mwaka 2002 mifarishi yao ilionyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa ya Houston na New York, na mwaka 2006 picha zake zilitiwa katika stempu za posta za nchi hiyo.

Turudi Chepilat. Mashamba makubwa ya chai yalipoanzishwa Kericho katika miaka ya 1920, mshahara ulileta blanketi na nguo za dukani. Katika miaka ya 1990 Kenya iliilegezea masharti biashara ya nje, na mitumba, yaani nguo kuukuu za mataifa tajiri, ikafurika masokoni. Maskini alipata koti kwa bei nafuu, lakini viwanda vya nguo vya nchi vilidhoofika. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki waliazimia kuikomesha mitumba. Kenya ilijitoa katika azimio hilo mwaka uliofuata. Hapa hapana budi tuseme kweli: kutumia tena kilichochakaa ni busara, lakini kufanywa jalala la wengine si sifa. Tofauti yake ni kama mkono wako wachagua na kutengeneza, au wapokea tu.

Mpaka wa Chepilat una mshono mwingine pia. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani waliokuwa wakiuziana maziwa na ndizi walipigana, na maduka yakachomwa moto. Nguo ya vipande haichaniki katikati ya kipande kipya. Hufumuka pale uzi ulipolegea. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Soko limesimama tena, na watu wa pande mbili wanauziana tena. Uzi uunganishao si wa kutiwa mara moja ukasahauliwa. Yafaa ukaguliwe kila msimu.

Kijana atakaye kuanza hahitaji mtaji mkubwa. Aombe mabaki kwa fundi cherehani, ayafue, ayapige pasi, ayakate kwa kipimo kimoja, ayapange sakafuni mpaka rangi zipatane, ndipo ashone safu kwa safu. Kisha aweke kitambaa kizito chini yake na kushona tabaka zote pamoja. Ataona kwamba kazi ngumu si kushona, bali ni kuamua kipande gani kikae kando ya kipi. Katika uamuzi huo imo heshima ya kiraka.