Bandari ya Mbamba Bay

Bandari ya Mbamba Bay ni bandari ya Ziwa Nyasa iliyopo katika mji wa Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, Mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania. Hadi mwaka 2012 eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Ng'ambo ya ziwa iko Nkhata Bay nchini Malawi. Upande wa kusini si mbali na mpaka wa Msumbiji. Inasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA), ambayo ofisi yake ya bandari za Ziwa Nyasa iko Kyela, mkoani Mbeya, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa.

Mahali na barabara

Ghuba imezungukwa na vilima, hivyo vyombo hupata kimbilio pepo za kusini-mashariki zinapovuma kati ya Mei na Agosti. Upepo huo, ambao Wamalawi huuita mwera, huinua mawimbi makubwa na umezamisha mitumbwi mingi.

Tatizo la bandari hii kwa muda mrefu lilikuwa nchi kavu kuliko majini. Kutoka Mbinga, kwenye nyanda za juu za Wamatengo, njia huteremka kwa kona kali hadi ziwani. Wakati wa masika malori yalikwama, na bidhaa zilipanda bei kabla ya kuiona meli. Siku hizi kipande hicho cha kilomita zipatazo 66 kina lami, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Ushoroba wa Mtwara

Mwaka 2004 Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zambia zilitia saini makubaliano ya Ushoroba wa Mtwara. Mbamba Bay ndiyo mwisho wake wa magharibi upande wa Tanzania: mzigo wa Malawi uvushwe ziwa, kisha usafirishwe kwa barabara zaidi ya kilomita 800 kupitia Songea, Tunduru na Masasi hadi bandari ya Mtwara. Kwenye ramani njia hii inavutia, kwa kuwa Malawi haina pwani ya bahari. Hata hivyo sehemu kubwa ya mzigo wake unaoshushwa Dar es Salaam hupita Mbeya na kuvuka mpaka wa Kasumulu kwa lori, bila kupakiwa na kupakuliwa mara mbili ziwani.

Biashara

TPA ina meli mbili za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, zenye uwezo wa tani 1,000 kila moja, pamoja na MV Mbeya II inayobeba abiria na mizigo. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yamejengewa gati lake Ndumbi, kaskazini mwa Mbamba Bay. Kahawa ya Mbinga, zao la wilaya linalojulikana zaidi nje ya nchi, kwa miaka mingi ililipa ziwa kisogo na kwenda kwenye mnada wa Moshi.

Biashara ya kila siku ni ndogo zaidi: mahindi, mchele, vitenge na dagaa, ambao Malawi huitwa usipa. Malawi haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kwa hiyo mfanyabiashara anayetaka nafuu ya ushuru hutumia cheti cha uasilia cha SADC.

Suala la mpaka

Malawi hudai ziwa lote hadi ufukwe wa Tanzania, ikitegemea mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890. Tanzania husema mpaka uko katikati ya maji. Mgogoro ulipamba moto mwaka 2012, na rais mstaafu wa Msumbiji, Joaquim Chissano, akaongoza usuluhishi. Haujamalizika, lakini mashua zinaendelea kuvuka.

Mwaka 2024 ujenzi wa bandari mpya ulikuwa ukiendelea katika ghuba hiyo.